Bolti ya Mheshimiwa

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu za moyo, umfikishie na wifi, na watoto ambao mpaka leo nawajua kwa picha tu. Natumaini barua hii itawakuta wazima, na kile kikohozi alichonisimulia Mama kimeshamtoka yule mdogo. Kabla sijaenda mbali, nina ombi. Hicho kitu kizito kilichofungwa kwenye kitambaa, ambacho najua umeshakipimapima mkononi, kiweke mezani na usikifungue. Nakujua, wewe huwezi kuona kifurushi ukakiacha kipumue. Safari hii nisikilize mimi mdogo wako. Wakati wake ukifika nitakwambia.

Huku hatujambo. Mama ni mzima. Magoti ndiyo yanamsumbua akipanda ngazi, ulimi haujapata kumsumbua. Baba yupo, anakula vizuri na kucheka anacheka, ila macho yamemtupa mkono. La kushoto linaona mwanga tu, la kulia linaona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Mwaka jana daktari alimkataza kushika usukani, naye akamjibu kwamba asiwe na wasiwasi, kwani usukani wenyewe wa kushika hana. Mimi bado niko na cherehani yangu kwenye kile chumba cha mbele, nashona sare za shule na mapazia, na nagombana na wateja wanaonenepa baada ya kupimwa.

Utashangaa kuandikiwa barua wakati simu zipo. Kaka, nimejaribu. Kila nikikupigia na kusikia sauti yako naishia kukuuliza kama kwenu mvua imenyesha. Na wewe, Baba akitajwa tu, unasema salio linaisha. Miaka kumi na moja salio linaisha! Basi nimeona niandike, kwa sababu karatasi haikati.

Habari kubwa ni kwamba Mheshimiwa amefufuka. Ndiyo, Mheshimiwa yule yule, lile gari letu jeusi la viti vya ngozi, ambalo Baba alilinunua kwa mwajiri wake baada ya kumwendesha mkurugenzi ndani yake miaka kumi na minne. Unakumbuka siku ya kwanza alipolileta nyumbani, alivyomkalisha Mama kiti cha nyuma na kumfungulia mlango, na Mama akakataa kushuka mpaka azungushwe mtaa mara ya pili.

Ilianza mwezi wa pili. Alikuja mnunuzi wa vyuma chakavu, kasikia kuna gari kubwa limelala chini ya turubai nyuma ya nyumba. Mama alifurahi, akasema kwa miaka kumi na moja amekuwa akianika nguo kando ya maiti. Yule bwana akawa anagonga boneti kwa kifundo cha kidole kama anayechagua tikiti maji sokoni. Baba akatoka, anapapasa ukuta, akauliza ni nani huyo anayempiga Mheshimiwa kichwani bila hata kubisha hodi. Mnunuzi akacheka. Baba hakucheka. Alimwambia kwamba gari haliuzwi, akamwonyesha lango, ingawa alielekeza mkono upande wa bafuni.

Kesho yake asubuhi nilimkuta anavuta turubai peke yake. Nikamwambia, kwa adabu, kwamba gari lisilotembea na dereva asiyeona ni mchezo gani huo. Akanijibu kwamba yeye hakusema anataka kuliendesha, alisema anataka litengenezwe, na kama nina kazi nyingi niende zangu. Nilidhani uzee umeanza kumchezea. Lakini nilivyomwona anaisugua taa ya mbele kwa mkono wa shati, roho iliniuma, nikapandisha mikono ya gauni.

Kaka, ungeona hali yake ungelia. Panya walijenga ndani ya kichujio cha hewa, familia nzima, na nadhani na wapangaji. Sakafu ya upande wa abiria ilikuwa imeliwa na kutu mpaka nikaona sisimizi wakipita chini. Breki ziling'ang'ania zikagoma kuachia. Vioo vya umeme, kimoja tu ndicho kilichoshuka, na kikagoma kupanda. Ule ubao wa dashibodi uliokuwa uking'aa tukijiona sura, ulibanduka kama ngozi iliyoungua na jua.

Tulianza na tulichokiweza. Mimi nilichukua viti. Nilivunja sindano tisa, nikamtukana aliyebuni ngozi, mpaka fundi viatu wa pale kona aliponionea huruma na kuniazima sindano nene na uzi wa nta. Sasa vimekaa, mshono mmoja mmoja, na ukipitisha kiganja hutajua pa zamani na papya. Ubao wa dashibodi niliupiga msasa, nikaupaka vanishi mara ya kwanza, Mama akapita, akasema nimepaka kama napaka siagi. Akaninyang'anya brashi. Mikono saba ya vanishi kapiga yeye, na sasa hakuna anayeruhusiwa kuugusa. Eti huyu ndiye aliyetaka tuuze chuma chakavu.

Spea tulizipata kwa muuzaji mmoja tunayemwita Hakuna. Ukiingia dukani kwake, kabla hujafungua mdomo anasema hakuna. Unataja kitu, hakuna. Unakaa, anakuletea maji, mnazungumza ya dunia, halafu anakumbuka kwamba labda kule juu ya dari kipo kimoja. Pedi za breki, mipira ya milango, mota ya kioo, vyote vilitoka kwenye dari hiyo. Mabati ya sakafu alituchomelea fundi mchomeleaji wa jirani, na Baba akapiga goti kupapasa kila mshono. Alimrudisha fundi mara mbili.

Injini ndiyo ilikuwa mtihani. Tuliitoa kwa mnyororo na winchi, tukailaza juu ya meza ya zamani ya kulia chakula. Baba hakuona kitu, lakini vidole vyake viliona. Aligusa kichwa cha bolti akanitajia namba ya spana kabla sijainama. Beringi za krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, zilikuwa zimeliwa zikabaki kama ganda la kitunguu. Krenki ilipelekwa kusawazishwa kwa fundi mashine, ringi za pistoni na beringi mpya zikatoka darini kwa Hakuna, na tulipoanza kuipanga upya Baba aliniita, akaingiza mkono mfukoni, akanipa kichupa cha rangi nyeupe ya kucha.

Wewe unajua maana yake. Nyumba nzima tulilelewa na rangi ile. Baba hakuwahi kukaza bolti akaiacha hivi hivi. Alichora mstari mweupe kuanzia kwenye kichwa cha bolti mpaka kwenye chuma kilicho chini yake, ili ikilegea hata kidogo mstari ukatike na uonekane. Alituimbia tangu tuko wadogo: kaza, kisha paka. Penye mstari, hakuna anayerudia spana, kwa sababu mstari ni neno la mtu. Wewe alikuruhusu kupaka ukiwa na miaka kumi na minne, akaanza kukuita Fundi Mdogo. Mimi nilibaki wa kuwapa spana. Sasa alinipa kichupa kwa sababu mkono wake haukuweza tena kulenga, nami nikapitiliza mpaka nikapaka na kidole chake. Alikifuta kwenye suruali, akanitajia bolti inayofuata.

Sasa, Kaka, naomba turudi pale ambapo sote tunapaogopa.

Siku ya Baba kustaafu ulimpeleka wewe, na Mheshimiwa aking'aa. Asubuhi ile ulipima oili kwa kijiti, nilikuona dirishani, ikawa imejaa hadi alama ya juu. Mkafika kwenye kile kilima cha kuingilia ukumbini, wenzake wamepanga mstari wa kumpokea, injini ikagonga kama mtu anapiga debe, ikajifunga palepale. Chini hapakuwa na tone la oili. Bolti ya kumwagia oili ilikuwa imedondoka njiani. Na aliyebadilisha oili wiki mbili kabla ni wewe. Baba akakusema mbele ya watu wote, kwamba wewe si fundi ila ni mharibifu, na kwamba hicho kichwa na hiyo mikono visiguse tena kitu chake. Nilikuwepo, nimevaa gauni jipya. Ulimtazama tu, ukampa ufunguo. Jumapili ukapanda basi.

Mama aliniambia kwamba tangu siku ile hujashika spana, unafanya kazi ya ghala, kuhesabu magunia. Aliniambia pia kwamba uliwahi kumwambia kuwa huenda kweli ulisahau kuikaza, kwamba umejaribu kukumbuka mkono wako ukivuta spana na hukumbuki. Aliponiambia hivyo nilikwenda kujifungia bafuni.

Kaka, hukusahau. Uliikaza. Mimi ndiye niliyeifungua.

Niandike haraka kabla kalamu haijanigeuka. Siku moja kabla ya sherehe, wewe ulikuwa mjini, Baba kazini kuaga. Nilikuwa nimenunua oili nzuri, ile ya madebe ya dhahabu, nikataka nimbadilishie Baba, injini iingie kustaafu na oili mpya, halafu kwenye sherehe nimwambie kwamba ni mimi. Nilitaka na mimi niitwe fundi, hata siku moja tu. Usicheke. Nilikuwa nimekutazama mara ngapi ukifanya? Nikaingia chini ya gari, nikaifungua bolti yako, mstari wako mweupe ukakatika, nikamwaga oili. Nikairudisha bolti kwa vidole. Spana ilikuwa imeteleza kule nyuma ya tairi, na mchana ule nilikuwa napaka kucha, kichupa kimo mfukoni mwa gauni. Nikasema ngoja nipake alama kabisa, rangi ikikauka nitavuta spana. Nikapaka juu ya mstari wako.

Mama akaniita nikapige pasi suti ya Baba, na unajua Mama akiita. Niliporudi nikachungulia chini, nikaona mstari. Ulikuwa umenyooka, haujakatika. Na sisi katika nyumba ile, tukiona mstari tunajua nini? Nikamimina oili mpya, nikafunga boneti, nikaenda zangu naimba.

Nilijua kila kitu palepale kwenye kilima, dakika ile ile Baba aliposema bolti imedondoka. Nikasema nitamwambia jioni. Jioni Baba amelala na suti yake. Nikasema kesho, na kesho yake ukaondoka. Basi nikawa nasubiri hasira zipoe, ukapita mwezi, ukapita mwaka, nikaona sasa nikisema nitaulizwa kwa nini sikusema. Nimekuwa muoga, Kaka. Sina neno jingine zuri la kulivika. Nimekula na kulala miaka kumi na moja wewe ukibeba mzigo wangu huko uliko, na nilijifariji kwamba bolti imepotea barabarani, hakuna ajuaye.

Wiki tatu zilizopita injini ilikuwa imerudi mahali pake, kila kitu kimefungwa, imebaki bolti ya oili tu. Nikamwambia Baba nitamfuata Hakuna. Akasema hapana, hana haja ya Hakuna. Akanituma chumbani kwake, rafu ya juu, kopo la maziwa ya unga lililofungwa kwa mpira. Nikalifungua. Ndani kulikuwa na kile kitambaa cha mkononi alichovaa kwenye suti siku ya kustaafu, na ndani ya kitambaa, bolti. Kichwani ina rangi ya waridi. Rangi ya kucha zangu siku ile.

Nikakaa sakafuni. Nilimsikia anakuja, anapapasa ukuta taratibu, akaketi kitandani. Nikalia, nikamwambia yote kama nilivyokuandikia wewe. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema anajua.

Alijua siku ya tatu, Kaka. Ulipoondoka, alitembea barabara ile yote kwa miguu, kutoka ukumbini mpaka nyumbani, macho chini, mpaka akaiokota kwenye mfereji. Alinisimulia kwamba alipoona rangi alitaka kukimbilia kituo cha basi, ila basi lilishaondoka siku nzima. Alisema mtoto mmoja amekwisha kumfukuza kwa mdomo wake, akaogopa kwamba akiufungua tena atamfukuza na wa pili. Akangoja niseme mwenyewe. Kila mwaka alisema mwaka huu atasema. Halafu akaanza kuogopa yeye kuulizwa kwa nini na yeye kanyamaza. Tulikuwa wawili tumekalia kopo moja, kila mtu akidhani yuko peke yake. Nilipomuuliza mbona hakunikasirikia, alisema hasira yake aliimaliza yote siku moja, akampa asiyestahili. Kisha akaniambia kwamba ndiyo maana alitaka Mheshimiwa atengenezwe. Mdomo ulimshinda pa kuanzia, akaona aanze na mikono, hata kama ni mikono yangu.

Tulimwambia Mama siku ile ile. Mama, ambaye hajanyamaza tangu azaliwe, alinyamaza siku tatu. Chakula alitupikia, lakini sahani alizitua mezani utadhani anapiga mhuri. Siku ya nne akatuambia sentensi moja: kwamba kama ndani ya nyumba hii kuna mtu mzima hata mmoja, amwandikie mwanawe.

Baba akasema kabla ya barua kuna jambo lake. Wale wenzake waliokuwa wamepanga mstari pale ukumbini, waliobaki hai ni wanne. Nilimshika mkono, tukaenda kwa kila mmoja, nyumba kwa nyumba, siku mbili. Kila alipoketi alikataa maji kwanza, akawaambia kwamba siku ile alimdhalilisha mwanawe mbele yao kwa kosa ambalo hakulifanya, na amekuja kulirudisha neno lake pale pale lilipotokea. Hakunitaja mimi. Nyumba ya pili nilijitaja mwenyewe. Mmoja wao, yule mnene aliyekuwa mpokea wageni, alilia, akasema siku zote alikuonea huruma ulivyotoa ule ufunguo bila neno.

Maneno haya yanayofuata ni ya Baba, amenitaka niyaandike bila kuongeza wala kupunguza: mwanangu, nilikukosea mbele za watu, na mbele za watu nimesema. Sasa nakuomba msamaha wewe mwenyewe. Usiponipa, una haki. Fundi ni wewe, tangu zamani.

Na mimi nakuomba msamaha, Kaka. Sitakulazimisha. Ukitaka kunitukana, nipigie, sitauliza habari za mvua. Ukinyamaza pia nitaelewa, ingawa nitaumia, na ni halali yangu kuumia.

Sasa fungua kile kitambaa.

Hiyo ndiyo bolti. Ishike kwenye mwanga. Ile waridi ni yangu, ikwangue kwa ukucha pale pembeni. Chini yake utaona nyeupe. Hiyo ni yako, Kaka, iko pale miaka yote, mstari wako uliopaka baada ya kukaza.

Mheshimiwa yupo nyuma ya nyumba, amesimama juu ya jeki na magogo, viti vyake vimeshonwa, ubao wa Mama unang'aa. Chini ya injini kuna tundu moja wazi na madebe ya oili yako pembeni hayajafunguliwa. Yule muuzaji wetu Hakuna alitupatia bolti mpya bure, tena bila kusema hakuna, Baba akaikataa. Amesema injini haitawashwa mpaka iingie hiyo uliyoishika, na mkono wa kuikaza yeye anaujua ni upi.

Msalimie sana wifi, wabusu watoto, uwaambie wana shangazi mjinga anayejua kushona viti vya gari. Mama anakusalimu na kusema ule vizuri. Baba anakusalimu, amekaa hapa kando yangu, ananiuliza kwa mara ya nne kama nimeshaandika jina la mtaa kwenye bahasha.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Kiroboto

Nimesahau: kichupa kipya cha rangi nyeupe nimekuwekea juu ya rafu, hajakigusa mtu. Ukija, spana yako inakungoja. Nitakaa chini ya gari pamoja na wewe nikumulikie taa, na sitasema lolote mpaka umalize kuikaza.